Bawabu wa Nakijwa

Simu ya marehemu mke wangu iliita tena tukiwa mezani, mimi na binti yetu Nanzia. Ilikuwa ndani ya droo ya kabati la vyombo, pale pale alipozoea kuiweka, na mlio wake ulikuwa ule ule wa kuku anayetaka kutaga, alioutafuta mwenyewe ili kuniudhi. Nanzia aliacha kijiko kwenye bakuli la makande. Mimi niliangalia meza.

"Ni yeye," alisema.

"Ni bawabu wake."

"Kwangu ni yale yale, baba."

Kuku alilia mpaka akachoka. Tulijua bawabu anataka kuuliza nini. Asubuhi ile Nanzia alikuwa ameweka kiganja kwenye nguzo ya hospitali, ile ya kuongea na mabawabu, akaomba ukurasa mmoja kutoka faili la mama yake, ambao daktari alimtuma bila kumweleza una nini. Bawabu alimsikiliza kwa adabu, akamwambia asubiri kidogo amuulize mwenyewe. Na mwenyewe tulikuwa tumemzika Usangi, juu kule kwenye ukungu, wakati mahindi yanatoa mbelewele. Sasa mahindi yalikuwa ghalani. Bawabu hakujua. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kazi ya kumwambia ilikuwa yangu.

*

Nanzia hakuzikuta enzi za neno la siri. Mimi nilizikuta. Faili la mgonjwa lilikaa ndani ya kompyuta, na neno la siri lilikaa kwenye kikaratasi kilichobandikwa ubavuni mwa kompyuta hiyo hiyo, ili wauguzi wa zamu wasisumbuke. Mtu anapima leo, kesho mwenye nyumba anamtazama kwa jicho jingine. Binamu yangu aliachwa na mchumba wake kwa ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa na daktari.

Ndipo wakaja na mabawabu. Walisema neno la siri linaibiwa, lakini jinsi mtu anavyokataa haiibiwi. Kila mtu mzima akapewa bawabu wake, sauti isiyo na mwili, akae naye, aongee naye, agombane naye, mpaka bawabu ajue huyu akiombwa jambo anasema nini, anamwambia nani, na kwa sababu gani. Kisha anakabidhiwa mlango wa faili. Akiwa na shaka, anampigia mwenye faili na kumuuliza.

Watu wengi waliwafundisha mabawabu wao ofisini, kwa kujibu maswali yaliyoandaliwa. Nakijwa alimfundisha wake jikoni, akichambua maharage. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hapa Mwanga, na alikuwa Mpare. Mimi ni Mchaga wa Mwika, fundi wa mashine za kumenyea kahawa. Anayejua utani wa makabila yetu hahitaji kuelezwa nyumba yetu ilikuwaje. Kwa asiyejua: Mpare humwambia Mchaga kwamba ataweka bei hata kwenye kivuli chake, Mchaga humwambia Mpare kwamba ataishtaki hata mvua, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika.

Nilikuwa barazani siku aliyoanza kumfundisha. Nilisikia yote.

"Mtu akikwambia mimi ndiye niliyemtuma," alisema, "mwambie aje na mimi."

"Na akilia?" aliuliza bawabu. Siku hizo sauti yake ilikuwa bado ya mashine.

"Mahakamani wanalia wote, mwenye haki na mwizi wa mbuzi. Machozi si ushahidi. Wewe angalia anachohitaji. Wengi wanashindwa kesi kwa tamaa. Kaibiwa kuku mmoja, anadai banda zima, hakimu anamnyima mpaka kuku."

"Na akiwa mume wako?"

"Yule Mchaga?" Nilisikia maharage yakimwagika kwenye sufuria. "Muulize kwanza ameleta nini cha kuuza."

Nilicheka huko nje mpaka akatoka na mwiko kuangalia nina nini.

Mwaka haukuisha, bawabu alikuwa ameshachukua sauti yake, na ukali wake, na ile namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kumwangusha mtu. Nikipita hospitali kwa jambo lolote, hata kifua tu, niligusa nguzo makusudi nimwite bawabu wake.

"Mchaga! Umeleta nini cha kuuza?"

"Nimeleta Mpare mmoja."

"Bei gani?"

"Hana bei. Nimemzungusha soko zima, kila anayemchukua anamrudisha na hati ya mashtaka."

Watu kwenye foleni walikuwa wanacheka. Nakijwa nikimweleza jioni anajifanya kununa, kisha ananiuliza, "Na yeye akakujibuje?" kama anayemuulizia mdogo wake.

Sasa sheria ya mabawabu inasema hivi: mtu akifa, bawabu wake haambiwi na hospitali wala na serikali. Anaambiwa na mfiwa, kwa kinywa chake, siku atakayokuwa tayari, mradi mwaka usipite. Nadhani walioitunga walitaka kutuonea huruma. Akishaambiwa, bawabu husikiliza ombi moja la mwisho, huliamua peke yake, kisha hunyamaza na faili hufungwa kabisa.

Ndiyo maana nilikuwa naichaji ile simu. Na ndiyo maana siku za soko nilikuwa napita kwenye nguzo. Bawabu akiniuliza Nakijwa yuko wapi mbona simu hapokei, nilimjibu yuko Usangi. Ulikuwa ukweli.

*

Kesho yake tuliitwa na daktari. Aliitwa Mbazi Senkoro, msichana wa Ugweno mwenye viatu vya kelele na mikono mitulivu.

"Shikamoo, mzee Mmari."

"Marahaba, daktari."

Alituonyesha mfuko wa nyongo wa Nanzia ukielea juu ya meza, umetengenezwa kwa mwanga, umevimba kama embe bovu. Mawe yalikuwa ndani, na moja lilikuwa limekwama mlangoni. Nanzia alikunja uso, akaugusa kwa kidole, kidole kikapita.

"Huu unatoka keshokutwa," alisema daktari. "Ukipasuka humo ndani tutakuwa tunazungumza habari nyingine. Kupasua si shida, mashine inapasua vizuri kuliko mimi. Shida ni kumlaza usingizi. Faili lake limenipigia kengele. Linasema mama yake aliwahi kupewa nusukaputi, nusura imuue, na mwili wa namna hiyo mtoto anaweza kuurithi. Ni nusukaputi ipi, halisemi. Hilo limo kwenye ukurasa ambao mama aliufunga."

"Mama hajawahi kupasuliwa," alisema Nanzia.

"Aliwahi. Kabla hujazaliwa."

Nakijwa alikuwa na kovu refu ubavuni. Aliniambia alidondokea kisiki cha mkonge akiwa msichana, na mimi miaka yote nilimtania kwamba kisiki nacho kilikwenda mahakamani.

"Si utumie dawa nyingine?" nilimuuliza daktari.

"Nyingine ipi, mzee wangu? Ninazo mbili. Kuna gesi, kuna sindano. Moja kati ya hizo ndiyo iliyotaka kumuua. Nikijua ni ipi, natumia ya pili, na huyu anaamka ananidai chai. Nisipojua, nabahatisha."

"Hakuna kipimo?"

"Kipo. Majibu yake wiki tatu. Huu mfuko hauna wiki tatu."

"Na ule mlango wa dharura wa faili?"

"Unafunguka kwa kuokoa uhai wa mwenye faili. Si uhai wa mwingine, hata awe mwanawe." Alizima lile embe bovu mezani. "Mwambieni mama akubali. Neno lake moja linatosha."

Ndipo akatazama nguo ya Nanzia, ule utepe mweusi begani, na akaelewa. Alivua miwani.

"Poleni sana," alisema. "Bawabu bado hajaambiwa?"

Nanzia alinitazama mimi.

*

Tulikaa kwenye benchi la korido. Simu ya Nakijwa ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeibeba asubuhi bila kujua kwa nini.

"Baba," alisema Nanzia kwa sauti ya chini, "bawabu atapiga tena. Safari hii nipokee mimi."

Nilishika mfuko wenye simu.

"Wewe mwenyewe umewahi kunigombeza ukidhani ni yeye. Mjomba Kiondo mpaka leo nikimpigia anashtuka. Nitasema maneno mawili tu. Mfungulie mwanangu. Basi, yamekwisha."

Ilikuwa kweli. Sauti yake ilikuwa ile ile ya Nakijwa, hata ile pumzi ya kabla. Kama angeyasema maneno hayo kwenye simu, hakuna bawabu duniani ambaye angetia shaka.

"Unamtaja mjomba wako Kiondo," nilisema. "Unakumbuka shamba la tangawizi?"

"Nani asiyekumbuka?"

Kiondo alighushi sahihi ya Nakijwa, kaka wa tumbo moja, ili akodishe shamba la urithi. Nakijwa alimshtaki. Siku ya hukumu alishinda, na jioni ile ile akampikia makande, akakaa naye mpaka akamaliza bakuli. Nilimuuliza kama hasira zimeisha. Aliniambia hakuwa na hasira ya shamba. Angelitoa lile shamba kama angeombwa. Hasira yake ilikuwa kwamba mtu amesema ndiyo badala yake.

"Mimi angenisamehe," alisema Nanzia.

"Angekusamehe kabla hujamaliza. Lakini angekuwa na kitu cha kukusamehe."

"Amekufa, baba!"

Muuguzi aliyekuwa anapita aligeuka. Nanzia alishusha sauti.

"Nikwambie kitu? Wewe hutaki kumwambia bawabu kwa sababu akijua atanyamaza. Unataka aendelee kukuita Mchaga. Mimi niende nikalale juu ya ile meza kwa kubahatisha, wewe ubaki na sauti."

Nilitaka kumkatalia. Alikuwa ameniona mpaka ndani.

"Kweli," nilisema. "Nilikuwa nataka hivyo. Lakini si mpaka kukupoteza wewe."

Nilitoa simu nikaiweka kwenye kiganja chake.

"Hesabu ninaijua," nilimwambia. "Ukipokea wewe, tunapata ukurasa bila wasiwasi. Nikimwambia mimi, anabaki na ombi moja. Akilikataa, faili linafungwa na hata sauti yako haitafaa kitu. Mimi mama yako sitaki kumghushi. Lakini mwili ni wako, mwanangu. Amua wewe, na lolote utakaloamua nitabeba nawe."

Na pale pale, kuku akaanza kulia.

Korido nzima iligeuka. Mzee mmoja mwenye gongo alianza kuchungulia chini ya benchi. Mtoto aliyebebwa mgongoni alisema "Koko!" na mama yake akacheka. Nanzia aliishika simu kwa mikono miwili. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya Nakijwa, ile aliyojipiga vibaya, pua imejaa kioo kizima. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Nikaona anavuta ile pumzi.

Kisha akaitoa taratibu, akaanza kucheka huku machozi yanatoka.

"Mama na kuku wake," alisema. "Hivi alimtoa wapi huyu kuku?"

"Aliniambia amemrekodi Same, sokoni. Mimi nadhani ni yeye mwenyewe alikuwa analia vile."

Alicheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu. Kuku alinyamaza peke yake. Nanzia alifuta uso kwa kanga, akanirudishia simu.

"Twende tukamwambie," alisema. "Usiende peke yako."

*

Nguzo iko kwenye ukumbi wa mapokezi, nyeusi, imefika kifuani, na juu imechakaa kwa viganja vya watu. Niliweka changu.

"Mchaga! Umeleta nini cha kuuza?"

Nilikuwa nimejiandaa, lakini nusura nimjibu kama siku zote. Nanzia alinishika mkono.

"Leo sina cha kuuza."

"Mchaga asiye na cha kuuza ni mgonjwa. Nikuitie daktari?"

"Nimeleta taarifa ya msiba."

Bawabu akauliza kwa sauti ya karani, "Wa nani?"

"Wa Nakijwa binti Msuya. Mke wangu."

Nilikuwa nimewatangazia watu wengi habari ile, mchungaji, ndugu, majirani, watu wa mahakamani. Hakuna niliyemwambia nikaona kama ninamtia msiba. Huyu nilimwona hivyo.

"Lini?" aliuliza.

"Mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele."

"Na mimi nikawa napiga simu."

"Ndiyo."

"Ilikuwa inalia wapi?"

"Kwenye droo ya vyombo. Nilikuwa naichaji."

"Ya nini?"

"Nimsikie kuku."

Nyuma yetu mtu alikuwa anaitwa dirisha la dawa.

"Pole, Mchaga," alisema bawabu.

"Pole na wewe."

"Sasa sina wa kumuuliza tena. Nina ombi moja la kusikiliza, nami nitaliamua kama alivyonifundisha. Nani anaomba?"

"Mimi," alisema Nanzia, akaweka kiganja chake kando ya changu. "Naomba ufungue uku..."

Nilimbana vidole. Nilikuwa nimeyasikia maharage yakimwagika kwenye sufuria, wazi kabisa, kama niko barazani.

"Subiri," nilimnong'oneza. "Usidai banda."

Alinikodolea macho. Kisha nikaona amekumbuka, maana alikua akiyasikia hayo kila mama yake aliporudi kutoka mahakamani na viatu mkononi.

"Sihitaji ukurasa," alisema polepole. "Kesho nalazwa kwa upasuaji. Naomba kujua ni dawa gani ya usingizi ilitaka kumuua mama, isije ikaniua na mimi."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Hutauliza alipasuliwa nini?"

Nanzia alinitazama. Sitadanganya, nilitaka kuuliza. Nililala karibu na lile kovu miaka yangu yote ya ndoa, nililitania, nililipaka mafuta wakati wa ugonjwa wake wa mwisho. Swali lilikuwa limefika kwenye meno.

"Hatuulizi," nilisema.

"Afadhali," alisema bawabu, na sauti ikalainika kama ya Nakijwa alipokuwa anakaribia kukubali jambo. "Siri ya ukurasa ule haikuwa yake. Ni ya mtu aliyepona. Yeye alikuwa ameishika tu, kama mimi."

Kisha akasema, "Gesi. Asipewe gesi. Sindano haina neno. Daktari nimempelekea mstari huo mmoja, na mingine yote nimeifunga."

Nanzia alilaza paji la uso juu ya nguzo. Nilisikia viatu vya daktari Senkoro vikija mbio kutoka ndani, kisha vikasimama mbali kidogo, vikatupisha.

"Nimebakiza muda mfupi," alisema bawabu. "Mchaga, hukunijibu. Umeleta nini cha kuuza?"

Niliweka na kiganja cha pili.

"Nimeleta Mpare mmoja."

"Umemzungusha soko zima?"

"Zima."

"Wamemrudisha?"

"Safari hii hawajamrudisha."

Nilingoja. Nilisikia pumzi ikivutwa, ile ya kabla ya kumwangusha mtu, na nikaegemea mbele ili nisikose neno. Halikuja. Nguzo ilikuwa baridi, nyeusi, nguzo tu, na nyuma yangu mwanamke mmoja aliniuliza taratibu kama nimemaliza, na yeye aguse.

"Nimemaliza, mama," nilimwambia. "Karibu."

Alikuwa mtu mzima wa rika la Nakijwa, mwenye kikapu na sweta la watu wa milimani. Nilimtazama, huenda ni yeye aliyepona kwa lile kovu la mke wangu. Kisha akapita mzee wa gongo, nikamtazama na yeye. Nilipofika getini nilikuwa nimewasalimia wote, mmoja mmoja, kwa kuwashika mkono, na bado ninafanya hivyo.

*

Siku ya upasuaji waliniruhusu kuingia jua likiwa limeshapanda juu ya mlima. Nilikuwa na chupa ya mtori wa ndizi niliopika mwenyewe, na muuguzi alishaniambia hautaguswa mpaka jioni. Sikujali. Nilikaa kwenye kiti, chupa mapajani, nikimwangalia mwanangu akipumua.

Midomo yake ilikuwa mikavu. Vidole vilikuwa vinatembea juu ya shuka kama vinavyochambua kitu. Niliviwekea mkono wangu.

"Mchaga," alisema, macho bado yamefumba.

Hakuwahi kuniita hivyo. Yule muuguzi alicheka, akasema ni dawa, wakiamka wanaongea mengi.

"Mchaga. Umeleta nini cha kuuza?"

Nilisogeza chupa karibu na mkono wake.

"Nimeleta mtori," nilisema. "Ila huu hauuzwi."